Uzamili wa Intaneti Uanzie Kwenye Nyaya Zetu

Intaneti ilijengwa na wanafunzi wa uzamili. Wengi hudhani ni kazi ya majenerali wa Marekani au ya matajiri wa California, na ni kweli kwamba fedha za mwanzo zilitoka serikalini kupitia wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi, ARPA. Lakini kanuni za kwanza ziliandikwa na vijana waliokuwa bado wanasoma. Mwaka 1969 Steve Crocker alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Yeye na wenzake, wakiwamo Vint Cerf na Jon Postel, walitakiwa kutafuta namna ya kuziwezesha kompyuta za vyuo mbalimbali, zisizofanana hata kidogo, kuzungumza. Walingoja wakubwa waje waichukue kazi. Wakubwa hawakuja. Crocker akaandika waraka wa kwanza, wenye tarehe ya Aprili 7, 1969, akiwa amejifungia bafuni usiku ili asiwasumbue watu aliolala kwao. Akauita ombi la maoni tu, asije akaonekana kijana anayejitwisha mamlaka asiyopewa. Nyaraka za mfululizo ule, RFC, leo zimepita 9,000, na ndizo zinazoelekeza picha inayotumwa Mbagala ifike vipi Muscat.

Hadithi za namna hii ni nyingi katika fani hii, na zote zina jambo moja ambalo nataka tulitazame vizuri. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na matawi yaliyotawanyika visiwani, na laini za simu zilikuwa ghali na hazitegemeki. Norman Abramson na wenzake wakaamua kutumia redio: mwaka 1971 mtandao wao wa ALOHAnet ukaanza kazi, kila kituo kikirusha ujumbe wake kinapotaka, na jumbe mbili zikigongana, kila kimoja kinasubiri muda wa kubahatisha kisha kinarusha tena. Huko Harvard, mwanafunzi wa uzamivu Bob Metcalfe alikuwa amekataliwa tasnifu yake mwaka 1972 kwa kukosa nadharia ya kutosha. Akaisoma kazi ya Hawaii, akaona hesabu zake zina upungufu, akazirekebisha, na mwaka 1973 akafaulu. Mwaka huohuo akaandika waraka uliozaa Ethernet. Ile mbinu ya kusubiri muda wa kubahatisha bado inafanya kazi kwenye kila Wi-Fi ya kila hoteli na kila sebule. Ilitokana na shida ya visiwa.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Oktoba 1986, Van Jacobson wa Maabara ya Lawrence Berkeley aliona kitu kisichoeleweka. Kati ya maabara yake na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali wa mita zisizofika 400, data zilizokuwa zikipita kwa kasi ya biti 32,000 kwa sekunde zilishuka hadi biti 40 kwa sekunde. Si elfu 40. Arobaini. Vifaa vilikuwa vizima, nyaya hazikukatika, umeme ulikuwapo. Mtu mwingine angezima na kuwasha, angelalamika, angeomba fedha za kununua laini kubwa zaidi. Jacobson, pamoja na Mike Karels, akakaa akafuatilia pakiti, yaani vipande vidogo vya data, mojamoja zilivyokuwa zikienda na kurudi. Akagundua kwamba kompyuta zenyewe ndizo zilizokuwa zikiua mtandao: kila pakiti ilipochelewa, mtumaji alidhani imepotea, akaituma tena, na tena, kwa pupa ileile, msongamano ukazaa pakiti nyingi zaidi, nazo zikazaa msongamano mkubwa zaidi. Dawa waliyoichapisha mwaka 1988 ni ya adabu kuliko ya nguvu. Anza polepole, ongeza kidogokidogo ukiona njia ni nyeupe, na ukiona pakiti imepotea, punguza mwendo kwa nusu. Hakuna polisi wa kusimamia jambo hilo. Kila mashine inajizuia yenyewe kwa ajili ya wenzake. Kanuni zinazotumika leo zimeboreshwa sana, lakini msingi ni uleule, na bila msingi huo tusingekuwa na intaneti ya kuzungumzia.

Watu hawa walianza na shida iliyokuwa mbele ya macho yao, waliyoweza kuipima. Na hapo ndipo ninapopata hofu ninapotazama namna tunavyofundisha uhandisi wa intaneti katika ngazi ya uzamili katika ukanda wetu.

Siwezi kusema hatuna pa kusomea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya TEHAMA pale Kijitonyama. Arusha kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011 na inayofundisha uzamili na uzamivu. Mwaka huohuo Carnegie Mellon ya Marekani ilianzisha tawi lake la Kigali. Nairobi, Juja, Kampala, Dodoma, kote kuna programu za uzamili zinazogusa mitandao, na wanafunzi ni wazuri. Tatizo langu ni kile wanachokaa wakakifanyia utafiti kwa mwaka mzima au zaidi.

Nimesoma tasnifu nyingi za fani hii, na nyingi zina sura moja. Mwanafunzi anachagua itifaki fulani, anafungua programu ya uigaji kama NS-3, anaumba mtandao wa vituo hamsini ambao haupo popote duniani, anabadilisha vigezo viwili vitatu, anapata grafu, anahitimisha kwamba itifaki A ni bora kuliko B vituo vikiongezeka. Programu ya uigaji ni chombo halali, na kuna maswali ambayo hayawezi kujibiwa vinginevyo. Hata wataalamu wakubwa huitumia. Lakini inapokuwa ndiyo makao ya kudumu ya utafiti, mwanafunzi anamaliza uzamili wa uhandisi wa intaneti bila kuitazama intaneti hata siku moja. Anaweza kueleza kwa ufasaha jinsi BGP, itifaki inayoelekeza trafiki kati ya mtandao na mtandao, inavyochagua njia, halafu umuulize pakiti inayotoka chuoni kwake kwenda chuo cha jirani inapita wapi, asijue. Na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Swali hilo la njia linaonekana dogo. Ni miongoni mwa maswali makubwa kuliko yote tuliyonayo. Mwaka 2014, Josiah Chavula, aliyekuwa akifanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alichapisha pamoja na wenzake vipimo vya trafiki kati ya vyuo vikuu vya Afrika. Waligundua kwamba zaidi ya asilimia 75 ya trafiki hiyo ilikuwa ikitoka nje ya bara na kurudi, na kwamba ucheleweshaji wake ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa trafiki iliyobaki ndani. Hebu fikiria barua ya kutoka Ilala kwenda Temeke ambayo lazima ipelekwe kwanza London ikagongwe muhuri. Ndivyo ilivyokuwa, na baadhi ya njia bado ziko hivyo.

Hesabu yake ni rahisi na mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 670. Kwenda na kurudi, mwanga unahitaji milisekunde zisizozidi saba. Ipeleke pakiti hiyohiyo London kwanza, kisha Nairobi, na jibu lirudi kwa njia ileile, utakuwa umetembea si chini ya kilomita 28,000 hata tukizinyoosha nyaya kama rula, na nyaya hazinyooki, zinafuata bahari. Hizo ni milisekunde 140 kabla ruta hata moja haijafanya kazi yake. Hakuna bando, hakuna kizazi kipya cha simu, hakuna mnara utakaoziondoa, kwa kuwa zimo kwenye fizikia. Kinachoziondoa ni uamuzi wa watoa huduma wawili kuunganisha mitandao yao hapahapa.

Wakenya walilijua hilo mapema, na historia yao inastahili kufundishwa darasani neno kwa neno. Novemba 2000 watoa huduma wa Nairobi walianzisha kituo cha kubadilishana trafiki, KIXP, ili barua pepe kati ya mitaa miwili ya jiji moja isilipiwe dola za setilaiti. Kabla ya wiki chache kupita, mdhibiti wa mawasiliano akaamuru kifungwe, kwa hoja kwamba kinaingilia haki ya Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa trafiki ya kimataifa. Wahandisi wale walilazimika kwenda mbele ya baraza la rufaa la mawasiliano na kueleza swichi ni nini, na kwamba trafiki ya ndani si ya kimataifa. Kituo kilifunguliwa tena Februari 2002. Jumuiya ya Intaneti ilipokuja kupima faida mwaka 2012, ilikuta ucheleweshaji umeshuka kutoka milisekunde kati ya 200 na 600 hadi kati ya mbili na kumi, na watoa huduma wakiokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka. Kufikia 2020, trafiki ya juu kabisa kituoni ilikuwa imepanda kutoka gigabiti moja kwa sekunde hadi 19, na sehemu ya trafiki ya Kenya inayopatikana ndani ya nchi ilikuwa imetoka asilimia 30 hadi 70.

Swichi ile ingeweza kubebwa na mtu mmoja. Ugumu ulikuwa kwenye sheria, kwenye biashara na kwenye kuaminiana kwa watu wanaogombania wateja walewale. Ndiyo maana nasema uzamili wa uhandisi wa intaneti unaofundisha itifaki peke yake haujafika. Mhandisi wa ngazi hii anapaswa kuweza kusimama mbele ya mdhibiti, au mbele ya hakimu, akaeleza bila kupotosha na bila kuchosha. Somo la uchumi wa mitandao, nani anamlipa nani na kwa nini, lisiwe la hiari. Nadhani lina uzito sawa na nadharia ya foleni.

Hapa Tanzania tulipata somo letu Jumapili ya Mei 12, 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika katika eneo la bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Waliokuwa Dar es Salaam siku ile wanakumbuka: ujumbe unazunguka hauendi, malipo yamekwama, vikundi vya WhatsApp kimya. Kenya nayo iliguswa, lakini Mombasa ilikuwa na mikongo mingine ya kuegemea, ikiwamo TEAMS inayokwenda Fujairah tangu 2009 na PEACE iliyofika 2022. Na ilikuwa si ajali ya kwanza mwaka ule. Februari, meli ya Rubymar ilipigwa kombora katika Bahari ya Shamu. Nanga yake ilipokuwa ikiburuzwa, mikongo mitatu ikakatika, mmojawapo ukiwa na sehemu ya SEACOM. Machi 14, mikongo minne ya Afrika Magharibi ilikatika karibu na Abidjan. Meli za kuunganisha nyaya hizi ni chache mno. Upande wetu wa bara tunaitegemea zaidi Léon Thévenin, yenye kituo chake Cape Town.

Baada ya siku kadhaa huduma ilirejea, tukashukuru, tukaendelea. Mimi swali halijanitoka. EASSy haiishii kusini. Ina urefu wa kilomita takriban 10,000 na inapanda hadi Port Sudan. Kwa nini basi jeraha la kusini liiumize Dar kiasi kile? Je, watoa huduma wetu walikuwa wamenunua uwezo wa kuelekea kusini peke yake? Je, shida ilikuwa njia, au ilikuwa kwamba vitu tunavyovihitaji, hata vile vyenye majina ya Kitanzania, viko kwenye seva za Johannesburg na Cape Town? Nani alibadili njia ndani ya dakika, na nani alichukua siku? Waliokuwa na mkataba wa akiba, je, akiba yao ilipita kwenye mkongo uleule chini ya jina jingine? Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyojua: kampuni inanunua njia mbili kwa wauzaji wawili, inalala usingizi, kumbe wauzaji wote wawili wamekodi uzi ndani ya mkongo mmoja.

Kila swali hapo ni tasnifu ya uzamili. Mengine ni ya uzamivu.

Kwa nini hazikuandikwa kwa wingi? Sababu moja ni ukuta uliopo ndani ya vyuo vyenyewe. Chuo kikuu cha kawaida katika ukanda wetu kina mtandao mkubwa kuliko kampuni nyingi: maelfu ya watumiaji, faiba kati ya majengo, anwani zake zenyewe, mara nyingi hata namba yake ya utambulisho katika BGP, na muunganisho na mtandao wa elimu na utafiti wa nchi, kama TERNET hapa, KENET Kenya au RENU Uganda, na kupitia UbuntuNet hadi vyuo vya Ulaya. Mtandao huo unaendeshwa na kurugenzi ya TEHAMA. Somo la mitandao linafundishwa na idara. Kati ya ofisi hizo mbili kuna uwanja wa mita mia mbili na mara nyingi hakuna mazungumzo. Wahandisi wa kurugenzi wana matatizo halisi na hawana muda wa kuyachunguza. Wanafunzi wana muda na hawana matatizo halisi. Mwanafunzi wa udaktari hufundishwa wodini, mbele ya mgonjwa, chini ya macho ya bingwa. Wa intaneti anapewa slaidi.

Najua jibu la kurugenzi. Ukimruhusu mwanafunzi aguse ruta kuu, atauzima mtandao wiki ya kutangaza matokeo. Ni hofu ya haki. Lakini kupima si kugusa. Mtu anaweza kupewa nakala ya takwimu za mtiririko wa trafiki, zikiwa zimefutwa kila kinachoweza kumtambulisha mtumiaji, akatafuta kwa nini kila siku saa nne asubuhi mtandao unazama. Shirika la RIPE NCC la Amsterdam linagawa bure vifaa vidogo vya kupimia, RIPE Atlas. Ukikichomeka kimoja kwenye mtandao wako, unapata haki ya kupima kutoka kwenye maelfu ya vingine duniani. Na kwa anayetaka kutangaza njia za BGP kikwelikweli bila kuhatarisha chuo chake, upo mradi wa PEERING, ambao watafiti wa vyuo mbalimbali huutumia kufanya majaribio hayo kwenye intaneti halisi kwa usalama. Fedha zinazohitajika ni kidogo. Kinachohitajika zaidi ni barua moja ya makubaliano kati ya mkuu wa idara na mkurugenzi wa TEHAMA, na msimamizi wa tasnifu aliye tayari kusikia majibu asiyoyatarajia.

Kuna hoja nyingine ambayo wazazi na waajiri huitoa, na naiheshimu: kwa nini mtu apoteze miaka miwili na mamilioni ya ada, wakati cheti cha kampuni kama Cisco kinachukua miezi na kinatoa ajira? Cheti kina kazi yake. Kinamfundisha mtu kusanidi kifaa, na nchi inahitaji maelfu ya watu wa namna hiyo, wenye ujuzi na waaminifu, kuliko inavyohitaji mabingwa. Tofauti inaonekana siku ambayo kila kifaa kimesanidiwa sawasawa na mtandao bado haufanyi kazi, kama Berkeley 1986. Mwaka 2008 Pakistan ilitaka kuifunga YouTube ndani ya mipaka yake. Tangazo la njia likavuja nje, na kwa muda wa kama saa mbili sehemu kubwa ya dunia ikawa inapeleka maombi ya YouTube Pakistan. Kila ruta ilitii kanuni. Kanuni yenyewe, BGP, ndiyo iliyokuwa ikiamini kila mtu, kwa kuwa ilitungwa mwaka 1989 na watu waliokuwa wakifahamiana. Kuona kasoro ya namna hiyo, kuithibitisha kwa vipimo, kubuni tiba na kuwashawishi wengine waikubali, hiyo ndiyo kazi ya mtu wa uzamili. Kama programu yetu haimwandai kwa hayo, basi mzazi ana haki, na ada ile ingelipa vyeti vitatu.

Sehemu ya kuwashawishi wengine ndiyo tuliyoiacha kabisa. Kanuni za intaneti hutungwa na IETF, ambayo haina kadi ya uanachama wala kura za nchi. Mtu anajiunga kwa barua pepe, anasoma rasimu, anatoa hoja. Makubaliano ya jumla na programu inayofanya kazi ndivyo vinavyohesabika. Loganaden Velvindron wa Mauritius hakuhitaji kuwa mwajiriwa wa kampuni kubwa ya California ili aandike, pamoja na mwenzake, RFC 8270 ya mwaka 2017, iliyoongeza ukubwa wa chini unaopendekezwa wa namba zinazotumika kulinda miunganisho ya SSH. Kisiwa hicho kina watu wachache kuliko Mkoa wa Dar es Salaam. Ningependa kila mwanafunzi wa uzamili wa fani hii atakiwe kufuata kikundi kimoja cha IETF kwa muhula mzima na kutuma angalau mchango mmoja wenye hoja, na mchango huo usahihishwe kama mtihani. Gharama yake ni intaneti ya chuo, ambayo tayari ipo.

Na kuna AFRINIC, ambako kutojihusisha kwetu kumetugharimu waziwazi. Ndiyo inayogawa anwani za IP kwa bara zima, ina makao Mauritius, na ilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Anwani za mfumo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Hazina kuu iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 3, 2011, na tangu Januari 2020 mwombaji wa Afrika hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Ndiyo maana kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, jambo linaloleta usumbufu kwa wachezaji wa michezo ya mtandaoni, kwa wapelelezi wa makosa, na kwa yeyote anayetaka kuendesha seva nyumbani. Tiba, mfumo mpya wa IPv6, imekuwapo kwa miaka zaidi ya ishirini. Wakati huohuo, mwaka 2019 iligundulika kwamba mamilioni ya anwani za Afrika yalikuwa yamechukuliwa kwa hila. Kuanzia 2021 taasisi ikazama kwenye mashauri mahakamani, akaunti zake zikafungiwa kwa muda, bodi ikakosa akidi, na Septemba 2023 mahakama ya Mauritius ikaiweka chini ya msimamizi. Rasilimali hii ni yetu kama maji ya Ziwa Victoria yalivyo ya nchi zinazolizunguka. Wanachama wenye kura ni watoa huduma na vyuo vyetu wenyewe. Ni wangapi kati ya wahitimu wetu wa uzamili wamewahi kusoma hata ukurasa mmoja wa sera zake?

Haya hayawezi kusubiri serikali. Mwaka 2000 Nii Quaynor wa Ghana na wenzake walianzisha AfNOG, mafunzo ya wahandisi wa mitandao wa Afrika, warsha ya kwanza ikiwa Cape Town, walimu wakijitolea. Mwaka 2011 yalikuja Dar es Salaam. Watu wengi wanaoendesha mitandao ya bara hili leo wamepita mikononi mwao: wiki moja ya ruta halisi, nyaya halisi, makosa halisi, usiku hadi watunza jengo wawafukuze. Hakuna shahada inayotolewa pale. Lakini roho ile ya kujifunza mikono ikiwa kwenye kifaa ndiyo ninayoiomba iingie kwenye shahada zetu, ikiwa na kina ambacho wiki moja haiwezi kukitoa: hisabati ya foleni, takwimu, uandishi, na muda wa kukaa na swali gumu bila kulikimbia.

Tuanze na kitu kimoja muhula huu wa Oktoba. Chuo Kikuu cha Oregon kina mradi wa RouteViews, ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukihifadhi kumbukumbu za njia za intaneti unazoziona. Kimojawapo cha vituo vyake vya kukusanyia kiko Nairobi, palepale KIXP. Kumbukumbu zake ni bure na hazihitaji kibali cha mtu. Mei 12, 2024 imo humo, sekunde kwa sekunde: njia zipi zilitoweka, zipi zilirudi, kupitia kwa nani, na baada ya muda gani. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuzipakua kwa usiku mmoja na kuanza kuzisoma asubuhi. Msimamizi wake amwulize kwanza lile swali la kusini na kaskazini, na asikubali jibu lisilo na kipimo.